Bonde Lisiloonekana Kwenye Ramani

Asubuhi, chai ikipoa mezani, Chiriku alikuwa na kawaida ya kuchungulia kompyuta ya mama yake. Walimpachika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama yake, mhandisi wa maji, alitengeneza ramani ya kukisia mvua ikinyesha maji yataelekea wapi.

Siku hiyo, kwenye ramani, mji mzima ulikuwa mraba mmoja wa kijani. Kijani maana yake salama.

"Mvua ya leo haina neno," Chiriku alimwambia rafiki yake shuleni. "Mwambie bibi asihangaike kuhamisha vitu. Ramani ya mama imesema!"

Rafiki huyo aliishi na bibi yake bondeni, nyuma ya soko. Wakati wa chakula cha mchana alikimbia nyumbani, akampa bibi habari hizo.

Alasiri mvua ikamwagika. Walipotoka shule, Chiriku alimsindikiza mwenzake. Kwenye mteremko wakasimama ghafla. Mtaa ulikuwa umegeuka mto! Godoro lilielea mlangoni. Bibi alikuwa juu ya meza, amelowa chapachapa, jirani kamshika mkono asianguke.

"Si ulisema?" rafiki akamgeukia Chiriku.

Chiriku akakimbia nyumbani kumweleza mama yake.

Aliposimuliwa, mama aliifungua kompyuta. Akaikodolea macho ramani yake.

"Mungu wangu! Mraba huu ni mkubwa mno. Kilima na bonde vimetiwa rangi moja. Kwa wastani mji uko salama, lakini yule bibi haishi kwenye wastani!"

Kesho yake mama na Chiriku walikwenda bondeni, mama akamwamkia bibi.

"Shikamoo, mama. Ramani yangu ilikosea, na mwanangu akaitangaza. Tusamehe."

"Marahaba. Nimewasamehe. Sasa mtafanya nini?"

Wakaingia kazini. Mama alipima miteremko na mitaro. Chiriku na rafiki yake wakashika utepe wa kupimia, matope hadi magotini. Kisha mama akaukata ule mraba kuwa miraba midogo midogo. Katikati ya kijani, bonde likatokea jekundu kama kidonda. Chiriku akalinyooshea kidole.

"Kumbe hatari ilikuwapo muda wote!"

Mvua kubwa iliporudi, watu wa bondeni walikuwa wameshaonywa, wakahamia kilimani na magodoro yao. Maji yaliingia kwa bibi yakakuta chumba kitupu.

"Mwanangu," mama alisema, "kabla hujamwambia mtu kuwa yuko salama, hakikisha umepatazama pale hasa anapolala."