Vidonge vya Kabatini

Kila asubuhi ya likizo, mtoto aliyeitwa Kijiko alifagia nyuzi katika chumba cha ushonaji cha shangazi yake, akafuta cherehani, kisha akafungua kinywa. Shangazi aliinama, akamnusa kama anayekagua maziwa, akaguna.

Shida ilikuwa kabatini, kwenye makoti ya sufu ya wateja. Shangazi alikuwa ametia humo vidonge kumi na viwili vyeupe vya kuzuia nondo. Sasa vilibaki kumi na kimoja, tena vimepungua unene kama peremende zilizomumunywa zikarudishwa. Na nyumbani hapakuwa na mumunyaji mwingine.

Kijiko alikiri kwamba kimoja alikichukua, akakitia katika kiatu chake kilichonuka. Vingine hakuvigusa. Ukweli huo ulimponza. Shangazi alisema aliyechukua kimoja hashindwi kulamba vyote, na ahadi ya kumfundisha kushona ikafutwa. Akafunga kabati, akauvaa ufunguo shingoni, akajifunga kitambaa kichwani, maana kichwa kilimgonga kila alipokuwa chumbani humo. Alisema hayo ni maumivu ya kulea.

Wiki tatu baadaye, mfamasia alikuja kuchukua koti lake. Shangazi alipofungua kabati, vidonge vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Alivitazama, akautazama ufunguo, akamtazama Kijiko.

"Umepitia wapi, wewe?"

Mfamasia alicheka mpaka akashika mlango. Alieleza kwamba vidonge vile ni paradaiklorobenzini, kemikali yenye klorini ndani yake. Haipitii kwanza hali ya umajimaji. Kidonge kigumu hugeuka mvuke moja kwa moja, kikaisha kidogo kidogo. Mvuke huo ndio unaoua viwavi wa nondo wanaotoboa sufu.

"Lakini na wewe unauvuta, dada. Nadhani kichwa chako kinaumia kwa sababu ya kabati hili, si kwa sababu ya mtoto. Na kidonge kikimezwa ni sumu."

Akamshauri aweke makoti na vidonge katika sanduku linalofungika barabara, mbali na watoto, na afungue madirisha.

Shangazi alivua kitambaa taratibu. "Na kile cha kiatuni?" alimuuliza Kijiko.

"Kiliisha chenyewe. Nilidhani panya."

"Kuchukua bila kuomba ni kosa, mwanangu, usirudie. Lakini ulisema kweli ilhali inakuumiza, nami nikaitumia kukuhukumu. Mtu anayekiri kosa lake anastahili kusikilizwa na kwa mengine. Ningeuliza kwanza, nisingekunusa wiki zote hizi."

Akavuta kiti mbele ya cherehani.

"Kaa tuanze. Ila viatu viache nje. Hiyo harufu si kemikali, ni wewe."