Mguu wa Gome la Myombo

Mguu ulivunjika Jumapili, kanisani Katumba, Vénérande akiwa kwenye mstari wa komunyo. Ulilia mara moja tu, ka!, na mwanamke wa watu akaanguka kifudifudi mbele ya padri. Wanawake wawili walimshika makwapani wamwinue, wakashindwa. Wakaja wanaume. Vénérande mwenyewe mwembamba, upepo ukivuma anashika mlango, lakini wanaume watatu walihema. Watu wakasema labda kitenge chake kimenasa kwenye benchi. Haya, kitenge.

Antoni, mumewe, aliokota kipande cha mguu, akakigeuza, akakinusa. Kilinuka asali mbichi.

Mguu ule haukuwa wa kuvunjika, na Antoni alijua hivyo maana yeye ndiye aliyeutengeneza. Alikuwa fundi kwenye karakana ya misheni pale Mpanda mjini, walikotengeneza miguu ya bandia kwa nyuzi zilizoshikwa na gundi. Bruda mmoja, kabla hajarudi kwao, aliwaachia kompyuta yenye programu ya kazi hiyo, akamfundisha Antoni mpaka akaiva. Unachora mguu kwenye kioo, mistari myembamba kama wavu. Unaiambia mashine nyuzi ni za nini, umezilaza upande gani, tabaka ngapi, gundi ipi. Kisha unaweka uzito, nao unaonekana kama mishale inayoelekea chini. Jenereta inanguruma nje, mashine inafikiri weee, halafu mguu unarudi na rangi: buluu panapopumzika, nyekundu panapoumia. Unajua utavunjikia wapi kabla hujakata hata uzi. Mwaka ule wa tisini na sita, Mpanda nzima haikuwa na ajabu kubwa kuliko hiyo.

Hujafa hujaumbika. Mwaka mmoja kabla, wakisafisha shamba la tumbaku upande wa Ugalla, Antoni aliangusha myombo mkubwa uliokuwa na mzinga mkongwe usio na mwenyewe. Waliokuwepo wanasema mti uligeuka ukiwa hewani, ukamfuata Vénérande aliposimama na mimba yake. Mguu wa kushoto ukaenda. Mimba ikabaki, akazaliwa Joséline. Lakini mama wa magongo hafungi mtoto mgongoni. Miezi saba Joséline alilala kwenye migongo ya majirani, na mama yake akimwangalia tu.

"Nimbebe siku moja, Baba Joséline," alikuwa akimwambia mumewe. "Siku moja tu." Hakuwa na kingine alichokitaka duniani.

Antoni alijaribu katani kwenye programu, akajaribu pamba, hakuridhika, kisha hasira ikamtuma porini kwenye ule mti ulioanguka. "Ulichukua mguu wa mke wangu," aliuambia, "sasa utaulipa." Akauchuna gome.

Lyamba, mwenzake wa karakana, mrina asali na mtoto wa warina asali, aliliona gome akarudi nyuma.

"Mti umelala mwaka mzima, kaka. Mbona gome linatoa maji?"

"Ndiyo maana linafaa."

"Kwetu mti wenye mzinga usio na mwenyewe hatuugusi. Mwenyewe yupo, ila siyo mtu."

"Lyamba, wewe si umebatizwa?"

"Mimi ndiyo. Mti je?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Kwenye programu, nyuzi za gome lile zilizishinda nyingine zote, naye akazitengenezea mguu.

Baada ya Jumapili ile Antoni aliongeza tabaka. Mguu ukavunjika kisimani. Akaongeza tena, ukavunjika uani mchana kweupe, Vénérande akiwa amesimama tu anaanua nguo. Na kila alipojaribu kumfunga Joséline mgongoni, mtoto alipiga ukelele, akajipinda, akasukuma kwa mikono miwili, kama mtu aliyekalishwa mahali palipo na mwenyewe.

Basi Antoni akaiuliza mashine kinyumenyume: ni uzito gani unaovunja namna hii? Alinakili ufa kama ulivyokuwa. Akaweka uzito wa mkewe. Buluu. Akaongeza ndoo ya maji kichwani. Buluu. Akauhamishia uzito nyuma, mabegani, akaupandisha kidogo kidogo, mpaka mstari mwekundu ukapita pale pale ulipopita ufa.

"Kilo ngapi?" Lyamba alinong'ona.

"Arobaini juu ya zake. Na hazikai kichwani. Zinaning'inia mgongoni."

"Kama mtoto."

"Mtoto gani wa kilo arobaini?"

Antoni aliufuta uzito wote ili afunge kazi, akaiambia mashine ihesabu mguu mtupu usiobeba chochote. Ikahesabu, na wakati ikihesabu harufu ya asali iliingia karakanani, kwanza kidogo, kisha nzito mpaka ikakaba koo, na mguu uliporudi kwenye kioo ulirudi mwekundu kuanzia paja hadi kisigino, umepinda, bila mshale hata mmoja juu yake.

Antoni alirukia baiskeli. Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa nyayo za mkewe kwenye vumbi la uani. Mguu wa kulia ulikuwa umegusa tu. Wa kushoto ulikuwa umezama kama kwato la ng'ombe. Vénérande alikuwa anafagia, ameinama kuliko anavyoinama mfagiaji.

"Mama Joséline, mgongoni kuna nini?"

Hakuacha kufagia. "Sema polepole. Anasikia."

"Nani?"

"Hajanitajia jina. Ananipumulia hapa." Aligusa kisogo. "Tangu siku ya kwanza nilipouvaa."

"Na hukuniambia!"

"Ungeuchukua mguu," alisema Vénérande, akaanza kulia bila sauti, ufagio bado mkononi. Antoni alitaka kumkumbatia, akaogopa kupitisha mikono mgongoni mwake. Aibu ile haikumtoka tena.

Lyamba alimleta shangazi yake, Bernadetha, kutoka Inyonga. Alikuwa mama mfupi asiye na mbwembwe. Alikunywa maji, akamzunguka Vénérande mara moja, akakaa chini.

"Ni jini la mti. Lilikuwa na kwake, nyie mkavunja. Halafu mkalijengea nyumba inayotembea! Sasa limezoea kubebwa." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nyumba tutaichoma. Litatoka, litatafuta. Moto ukiwaka mpaka majivu yapoe, asibebwe mtu mgongoni. Hata kuku. Likimkuta aliyebebwa litaingia humo, na humo halitoki. Mmenisikia?"

Walisikia. Vénérande aliuvua mguu, akakaa mkekani karibu na mlango, Antoni akawasha moto. Gome lilishika polepole, likatoa mvumo wa nyuki wengi ingawa nyuki hapakuwa na hata mmoja, kisha kitu kikashuka mgongoni mwa Vénérande, hawakukiona ila walimwona yeye akinyooka ghafla kama aliyetuliwa gunia, na vumbi la uani likaanza kupigwa chapa, nyayo ndefu zisizo na vidole, zikienda kwa Lyamba na kusimama nyuma yake, zikaenda kwa Bernadetha, zikaja kwa Antoni ambaye alisikia pumzi ya moto kisogoni na akakaza mgongo wake mtupu akisali sala zote alizofundishwa utotoni, mpaka pumzi ikaondoka, na wakati huo huo ndani ya nyumba Joséline akaamka, akalia.

Akalia kilio kile cha mtoto anayeogopa. Na mikono ya mama haiombi ruhusa. Vénérande alijiburuta mlangoni, akamvuta mtoto, akainama, akamrusha mgongoni, akakaza kitenge kifuani kabla Bernadetha hajafungua mdomo.

Joséline akanyamaza. Hakusukuma. Alilaza shavu mgongoni kwa mama yake, ametulia tuli.

"Mfungue!" Antoni alipiga kelele. "Mshushe!"

"Amelala," alisema Vénérande. "Tazama, Baba Joséline. Amelala." Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Antoni hakuwa ameiona tangu harusi yao.

Bernadetha alichukua kikapu chake. Hakuaga.

Antoni alitengeneza mguu mwingine, wa katani, na huo haukuvunjika. Vénérande alipita Katumba na mwanawe mgongoni, majirani wakampigia vigelegele. Mtoto halii, haugui. Antoni akaanza kuamini kwamba shangazi alikosea. Nani asingependa kuamini?

Ikafika siku ya kliniki. Nesi Goreth alimvalisha Joséline kaptula ya kupimia, akamning'iniza kwenye mizani. Mshale ukashuka mpaka mwisho, ukagonga. "Mizani imekufa," alisema. Akaning'iniza mtoto mwingine, mizani ikasoma vizuri. Akamrudisha Joséline, na safari hii ndoano ikaanza kunyooka taratibu, ikilia, akina mama kwenye mabenchi wakivuta watoto wao karibu, harufu ya asali ikitanda, na mtoto akimkazia baba yake macho bila kupepesa.

Antoni alimgeukia mkewe. Vénérande hakuwa ameshangaa. Alimtoa mtoto kwenye ndoano, akainama, akamfunga.

"Toka lini unajua?" Antoni alimuuliza njiani, kwa sauti ya chini.

"Toka siku ya moto."

"Yule siye..."

"Ni mwanangu." Hakusimama. "Miezi saba nilimwangalia kwenye migongo ya watu. Huyu simshushi, Baba Joséline. Usiniombe."

Mguu wa katani ulikuwa ukilia kila hatua, tik, tik, na Antoni ambaye sikio lake lilijua nyuzi alijua zimeanza kukatika moja moja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wake pia, na hakuwa na pa kuushika.

Kesho yake aliwasha kompyuta. Aliweka uzito wa mkewe, kisha kilo arobaini nyuma, mabegani. Katani yote ikawa nyekundu. Akaanza kuongeza tabaka.

"Unaongeza ngapi?" Lyamba aliuliza akiwa mlangoni. Siku hizi hakuingia ndani.

"Sijui," alisema Antoni. "Mtoto anakua."