Lenzi ya Mkwe

Marehemu alikuwa amelala chali juu ya meza ya sebuleni, ameng'olewa jicho. Inspekta alimwinamia, akakohoa kuzuia kicheko. Marehemu alikuwa kamera.

"Mwizi gani huyu," alimuuliza sajini wake, "anaiba lenzi anaacha kamera?"

"Mwizi mwenye mfuko mdogo, afande."

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, hakucheka. Kabati lake lilijaa kamera za zamani, zile za kuchungulia kidirishani mpaka taswira mbili ziungane kuwa moja, ndipo ubonyeze. Lenzi iliyoibwa aliletewa na mchumba wa binti yake siku alipokuja kuposa. Toleo la kwanza kabisa, kijana alijigamba. Na jioni hiyo wakusanyaji wenzake walikuwa wanakuja kuiona.

"Jana nani aliingia humu?"

"Hawa hawa unaowaona: mke wangu, binti yangu na mkwe. Basi."

Sajini alikwisha nyunyiza unga wake kwenye kioo cha kabati. Alama za vidole vya mkwe zilikuwa tele. Akatoa pingu. Harusi ilikuwa Jumamosi, na binti alianza kulia pale pale.

"Afande, nimpe mtu kitu kisha nimwibie?" kijana, fundi wa majokofu, alilalamika. "Mimi mwendawazimu?"

"Wendawazimu nao huoa," sajini alisema.

Inspekta alirudi kwa marehemu. Mdomo wa kamera, pale lenzi inapokaa, ulikuwa umezibwa kwa kifuniko, kimekazwa barabara.

"Mzee, kifuniko hiki umeweka wewe?"

"Hapana. Nimeikuta hivyo hivyo."

Mwizi mwenye haraka hajali vumbi la watu. Inspekta alichukua kamera nyingine kabatini, akampa mkwe. "Hebu toa lenzi."

Kijana aliizungusha kushoto, akaizungusha kulia, jasho likamtoka. Lenzi ilipochomoka aliilaza mezani kifudifudi, akaiacha kamera mdomo wazi.

"Funika! Vumbi linaingia!"

Mama mwenye nyumba alikuwa ameruka kutoka kitini, ameinyakua kamera na kuiziba kwa kiganja. Kisha akaona wote wanamtazama.

"Mama," Inspekta alisema taratibu, "iko wapi?"

"Ndani ya sanduku la cherehani. Nimeifunga kwa flana."

"Kwa nini?"

"Huyu bwana ananihubiria lenzi tangu tuoane, hata nikisinzia. Toleo la kwanza kioo chake hakikupakwa kitu; ukikiinamisha kwenye taa, mwanga unarudi mweupe. Hii inarudisha zambarau. Ni ya baadaye! Wenzake wangeona, wangemcheka, naye angemwita mkwe tapeli. Mwanangu je? Nikasema bora ipotee. Sikujua mtaniletea pingu nyumbani!"

Sajini alizirudisha pingu kiunoni haraka.

"Baba, muuzaji aliniapia," kijana alisema, hawezi kuinua uso. "Wallahi sikujua."

Lenzi ililetwa. Mwalimu aliifungua flana, akaiinamisha chini ya taa. Zambarau tupu, kama bilinganya.

"Mimi nilijua siku ile ile aliponipa," alisema.

Mkewe alishika kiuno. "Ulijua? Na wageni uliowaita?"

"Wangeiona hivyo hivyo ilivyo, na anayetaka kucheka acheke. Mke wangu, kamera zote hizi nilizisaka mwenyewe, kwa miguu yangu. Hakuna aliyewahi kuniletea hata skrubu. Jana nilipoikosa nililia bafuni, maji nimeyafungulia usinisikie." Akaifuta lenzi polepole kwa flana. "Si toleo la kwanza, najua. Lakini hii nimepewa na mwanangu."

Kijana alikuwa hajawahi kuitwa hivyo katika nyumba ile. Alijifuta macho kwa mkono wa shati. Na sajini, akijifanya anachunguza dirisha, naye akajifuta yake.