Daftari la Nyumba Ishirini

Kila siku akitoka shule, kabla hajagusa chakula, msichana mmoja alikuwa na kazi aliyoichukia: kuosha buti za mama mdogo wake. Alizipeleka kwenye bomba nyuma ya nyumba, akabana pua kwa vidole viwili, akasugua kwa mkono uliobaki. Nyayo zilinasa mambo ambayo hakutaka kuyatazama: mafundo ya nywele, ute wa kijivu, na siku moja jino la bandia.

"Bi Pua," mama mdogo alimtania kutoka dirishani, "ukiibana hivyo kila siku itachongoka kama sindano."

"Zinanuka, mama mdogo!"

"Zinanuka kwa sababu kwa watu sasa hakunuki."

Mama mdogo alikuwa fundi wa kuzibua vyoo na mifereji ya maji machafu. Kwa kazi hiyo alimlea binti wa dada yake tangu akiwa na miaka mitatu. Kabla ya kufunua mfuniko wowote alisali kwa sauti ndogo, kisha akavaa glavu. Lakini siku hizi simu yake ililia mara chache mno. Watu walitafuta mafundi mtandaoni, na huko yeye hakuonekana.

"Miezi miwili ijayo ikipita hivi hivi, nitakwenda kiwanda cha ngozi," alisema. "Wafanyakazi wanalala hukohuko. Wewe utakaa kwa shangazi yako."

Msichana aliposikia hivyo hakulala vizuri. Kesho yake alimwomba mwalimu wa kompyuta amsaidie kutengeneza ukurasa wa mtandaoni. Mwalimu alimwonyesha programu inayohesabu ni watu wangapi wanatafuta maneno fulani. Msichana akaandika "usafi wa kisasa". Maelfu! Akapiga makofi.

"Hao maelfu wako wapi?" mwalimu aliuliza. "Wengi wanatafuta sabuni na mazulia, tena wako mbali. Wewe unataka watu wachache wa mtaani kwenu ambao choo kimewashinda leo. Chukua daftari ambamo mama yako mdogo huandika wateja wake, tembelea ishirini kati yao, uwaulize wangeandika nini kwenye simu siku ya shida. Nakili wanavyosema, neno kwa neno."

Jumamosi alianza na mzee mshona viatu.

"Ningeandika 'choo kinatapika'," mzee alisema. "Njoo uone mwenyewe, kimeanza tena."

Akaondoa kibao kilichofunika tundu la bafuni. Funza weupe, wanene, walikuwa wakipanda ukutani kwa makundi. Msichana alihisi mate yamejaa mdomoni, akatoka mbio hata bila kuaga.

Alikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, akajaza nyumba kumi na tisa zilizobaki kutoka kichwani. "Huduma maridadi za usafi." "Suluhisho la kisasa la mazingira safi." Maneno mazuri, yasiyo na funza. Kando ya kila sentensi akaandika jina la mteja aliyedaiwa kuisema.

"Wote ishirini umewafikia?" mama mdogo aliuliza.

"Wote, mama mdogo."

Mama mdogo alilikumbatia daftari, akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa miguu ya mtoto huyu iliyotembea juani. Msichana alisema amina kwa kunong'ona, akitazama ukuta.

Ukurasa ukawekwa mtandaoni na maneno hayo. Kwa majuma matatu simu ililia mara moja tu: mtu wa mji wa mbali alitaka kuoshewa mazulia. Mama mdogo akaanza kupanga nguo kwenye begi.

Siku moja wakiwa sokoni, mwanamke fundi cherehani, mteja wa siku nyingi, alimshika mkono mama mdogo.

"Wewe, umepotelea wapi? Simu yangu ilitumbukia chooni, namba yako ikaenda nayo! Nimeazima simu nikatafuta, 'maji ya choo yanarudi bafuni, nyuma ya kituo cha mabasi'. Wapi! Siku ya tano leo watoto wanaoga juu ya matofali."

Mama mdogo alishangaa. "Lakini si ulimwambia binti yangu ungeandika 'suluhisho la kisasa la mazingira safi'?"

"Mimi? Nikiwa nimesimama kwenye kinyesi?" Fundi cherehani aliangua kicheko. "Huyu hajafika kwangu hata siku moja."



Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa fundi cherehani. Maji meusi yalifika vifundoni. Mtoto mdogo kuliko wote alikuwa na kidonda mguuni, kimejaa usaha na nzi. Msichana kinyaa kikampanda, lakini safari hii hakikuwa cha maji yale. Alijichukia mwenyewe.

Kazi ilipokwisha mama mdogo alivua glavu. "Uchafu huu utatoka kwa sabuni. Ule wa kwenye daftari nitausugua kwa nini? Umenifanya nimshukuru Mungu kwa uongo, mwanangu."

"Nisamehe, mama mdogo. Nilisikia kinyaa."

"Hata mimi nasikia. Miaka kumi na moja, kila mfuniko. Ulidhani nasali kwa nini?"

Msichana hakuwa amewaza hilo kamwe.

Jumatatu alianza upya. Alimwomba radhi mzee mshona viatu, kisha akabisha hodi kila mlango uliobaki. Kwenye nyumba ya saba alitapika nyuma ya ukuta, akafuta mdomo, akarudi kuuliza. Daftari likajaa: "sinki linanuka yai bovu karibu na shule ya ghorofa", "shimo limejaa, linatoa povu".

Mwalimu alipoyapima maneno hayo kwa ile programu, mengi yalitafutwa na watu kumi tu kwa mwezi.

"Kumi tu, mwalimu?"

"Kumi ambao choo kimefurika. Unataka wangapi?"

Waliyaweka yote kwenye ukurasa, pamoja na majina ya mitaa. Juma la pili, wakiwa wanakula, simu ikalia. "Ni nyinyi mnaozibua sinki linalonuka yai bovu?" Mama mdogo aliacha tonge sahanini. Siku iliyofuata walipiga wawili. Kabla mwezi haujaisha, nguo zilitolewa kwenye begi zikarudi kabatini.

Mchana mmoja mama mdogo alimkuta bombani, amebana pua kama kawaida.

"Kinyaa si dhambi, Bi Pua," alisema akiketi kando yake. "Ubaya ni kukiacha kikuambie useme umefika mahali ambapo hukufika. Watu wanatufungulia vyoo vyao. Tukiwadanganya, nani atatufungulia tena?"

"Sitarudia, mama mdogo."

Mama mdogo akafumba macho, akashukuru kwa ajili ya buti zile chafu. Msichana akaachia pua yake, akasema amina kwa sauti. Kisha akaibana tena haraka.