Nafasi ya Mwenza

Mashine ya alama za vidole ilimkataa fundi cherehani mbele ya umati. Ukumbi wa soko ulifurika watu wasio na mwajiri, wachomeleaji, wauza mboga, mafundi viatu, wote wamekuja kwa ajili ya bima ya afya. Kila alipobonyeza kidole, taa nyekundu iliwaka.

"Sindano zimekula vidole vyako, dada," karani alisema.

Mwanamume aliyekuwa nyuma yake, shati jeupe limenyooshwa mpaka kola, alitoa kichupa mfukoni. "Lete mkono. Mafuta ya nywele haya. Yanalainisha vichwa vya wakorofi, sembuse hiyo mashine."

Alimpaka taratibu, kidole kimoja kimoja. Taa ikawa ya kijani. Watu wakacheka, na fundi akaona haya, yeye aliyezoea kuzima utani wa wateja kwa jicho moja.

Huyo alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, aliyekuja kuhuisha bima yake. Mapenzi yao yakakolea kwenye simu.

"Umekula?"

"Bado. Nina gauni la bibi harusi."

"Unawavisha wenzio tu. Wewe utavaa lini?"

"Jiulize wewe."

Hapo kinyozi hubadilisha mazungumzo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini yeye alikuwa na jambo alilolificha. Asubuhi nyingine kibanda chake kilifungwa bila maelezo, na nyumbani kwake hakumkaribisha fundi hata siku moja.

Mvua zilipoanza, kifua kikambana fundi, akaenda hospitali na kadi yake mpya. Alikuwa kwenye korido, miongoni mwa waliokaa na kusinzia, muuguzi alipochungulia kutoka chumba cha kusafishia damu.

"Mume wa mgonjwa yuko wapi?"

"Nipo."

Fundi aliijua sauti ile kabla hajageuka. Kinyozi aliingia, akatoka akimshikilia mwanamke mwembamba aliyelegea kilemba, akamkalisha, akapiga goti kumvalisha viatu. Alifanya hivyo kwa upole wa mtu aliyezoea. Fundi aliondoka bila kumwona daktari.

Simu iliita mpaka akachoka kuisikia. Akapokea.

"Mpenzi, wameniambia ulikuwa pale. Nisikilize."

"Mkeo anaendeleaje?"

"Si mke wangu. Ni shemeji, mjane wa kaka yangu."

"Siku hizi shemeji ndiye mke?"

"Hospitalini, ndiyo. Nakuja."

Alikuja ameloa mabega, akasimama mlangoni kwa kuwa hakuambiwa aingie. Kaka yake alipofariki, alisema, mjane naye figo zikafa, na bila mashine ile hana maisha. Bima ya waliojiajiri inamkubali mwenza na watoto. Shemeji haimtambui.

"Nikadanganya. Ningefanyaje, nimtazame akivimba mpaka afe?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungeniuliza swali nisilo na jibu."

Fundi akaliuliza. "Nafasi ya mwenza ni moja?"

"Moja."

"Kwa hiyo ukinioa, ndoa ikaandikishwa, yeye anafutwa."

"Anafutwa."

"Basi harusi yangu inangoja msiba wa mtu. Nenda zako."

Uongo ulimuuma, lakini kulikuwa na kingine kilichomuuma zaidi. Siku zilizofuata, mguu ukiwa kwenye cherehani, alijikuta akiwaza yule mgonjwa amebakiza muda gani. Akajiogopa.

Mchana mmoja yule mjane akaja mwenyewe, akipumzika kwenye kila kibaraza njiani.

"Mimi ndiye niliyekaa mahali pako," alisema, pumzi zikimwishia. "Shemeji hajui kama nimekuja. Hali wala halali. Nimemwambia akaseme ukweli, wanifute. Amekataa. Ukimwambia wewe, atakubali."

Macho ya fundi yalikuwa kwenye mkono wa mgeni, mshipa umevimba kama kamba pale wanapochoma sindano, na mkono wa gauni umechanwa kwa mkasi.

"Wanakukatia nguo?"

"Mkono wa nguo haupandi mpaka juu. Magauni yangu yote yameisha hivi."

Fundi akachukua futi. "Usisimame, dada. Nitakupima umekaa."

Alimshonea gauni la mkono unaofunguka kutoka begani hadi kiganjani, kwa vifungo laini. Mjane alilipapasa muda mrefu.

"Hujanijibu."

"Nimekujibu. Hilo likichakaa, njoo nikushonee jingine."

Jioni kinyozi akapiga simu. "Amerudi na gauni. Analia tu."

"Mwache alie."

"Mpenzi, siwezi kukuahidi siku."

"Usiniahidi. Nikiijua siku nitaanza kuihesabu, na kuihesabu ni kumwombea mabaya."

"Basi tuachane?"

"Nani kataja kuachana? Njoo unione. Na safari hii uje na shemeji yako, asikae peke yake."

Wakaja wote wawili. Walikaa kibarazani wakitazama mvua, na hakuna aliyetaja harusi. Tangu siku ile fundi humwombea yule mwanamke maisha marefu. Mwanzoni aliomba shingo upande, siku hizi anaomba kwa moyo mmoja. Ila kila akisema amina, hujua ameisogeza mbele harusi yake.