Viatu Alivyovuliwa Mdogo Wangu

Mtu aliyeniletea habari za mdogo wangu nilimpiga kofi mbele ya wateja.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi. Nilikuwa nimepiga magoti dukani, namfunga mteja kamba za viatu. Mlango ukasukumwa kwa nguvu. Nikainua macho, nikamwona Mwalimu... magoti yanavuja damu, tope mpaka shingoni.

Peke yake.

"Spidi yuko wapi?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekuuliza, mdogo wangu yuko wapi!"

"Ameanguka. Kule juu, kwenye njia ya ukingoni... Nimeshuka mpaka nilipoweza. Nimemwita sana, dada. Haitiki."

"Ukamwacha?!"

Ndipo nilipompiga.

Spidi ndilo jina alilopewa na mtaa. Kwa mama yetu tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye. Mwalimu alikuwa akifundisha michezo shule ya msingi, na kila Jumamosi walikuwa wanakimbia pamoja mlimani.

Kesho yake waokoaji walimtoa bondeni. Mwalimu alikuwa nao. Walipomleta, nilifunua shuka upande wa miguuni kwanza. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa kazi yangu ni miguu ya watu.

Alikuwa na soksi tu.

"Viatu vyake viko wapi?"

"Mto umevichukua," Mwalimu akasema, anatazama chini.

Nikaamini.

Wiki moja baada ya mazishi, mmoja wa waokoaji alipita dukani kununua soksi. Akanipa pole. Halafu akasema, bila ubaya wowote:

"Viatu si alivichukua yule rafiki yake? Nilimwona anamvua, anatia kwenye begi."

Jamani... niliganda pale na soksi mkononi.

Wengi wenu mnakumbuka nilichoandika hapa jioni ile. Niliandika "Mwalimu anayeibia maiti", nikaweka na picha yake. Nikaongeza kwamba wote wawili waliomba kazi moja ya kuongoza wapanda milima nchi nyingine, mdogo wangu akaipata, yeye akakosa. Nikamalizia, "Jiulizeni wenyewe."

Mkajiuliza. Mliisambaza zaidi ya mara elfu nne. Wazazi wakaenda shuleni, wakasema hawataki watoto wao wafundishwe na mtu wa namna hiyo. Akaachishwa kazi.

Yeye hakujibu hata neno moja. Nikasema, mnaona? Angekuwa msafi angenyamaza?

Miezi minane ikapita. Mwezi uliopita Mama akaniita.

"Nenda kwa yule kijana. Mwambie sina ugomvi naye. Nataka viatu vya mwanangu tu, nivishike."

Nikaenda. Anakaa chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Siku hizi anapiga msasa meza za watu. Nilimkuta nywele zimejaa vumbi la mbao, nikadhani ni mvi.

"Mama anataka viatu."

"Sina."

"Unavyo!"

"Dada, nakuomba, nenda nyumbani."

"Mwizi mkubwa wewe, hata aibu huna! Umemvua mwenzako hajapoa!"

Mkanda wa begi ulikuwa unachungulia chini ya kitanda. Nikauvuta. Akanishika mkono, akanitazama, kisha akauachia.

Nikafungua zipu.

Kiatu cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto, soli ilikuwa imebanduka kuanzia mbele mpaka katikati, inaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Na kile kiatu nikakijua...

Ndugu zangu, kuna kitu sikuwaambia. Sikupanga kukificha. Nilikuwa nimekiweka mahali ambapo hata mimi sikifikii.

Siku chache kabla hajafa, Spidi alikuja dukani. Jumatatu iliyofuata angesafiri kwenda kuanza kazi.

"Dada, begi ninaloruhusiwa ni dogo. Nataka kiatu kimoja tu. Nikimbilie, nitembelee, nisafirie."

"Na kuolea?"

"Na kuolea, nikipata wa kuivumilia hii miguu."

Nilimwambia aje alasiri, kwa sababu mguu wa asubuhi na wa alasiri si saizi moja. Nikamchagulia mwenyewe. Meno ya soli ya wastani, kwani marefu yangemchosha kwenye lami na mafupi yangemtelezesha kwenye tope. Kitambaa kinachokauka haraka. Kisigino kinachoshika. Mbele nikaacha nafasi ya kidole gumba, maana ukishuka mlima vidole vinakimbilia mbele.

Nilichagua vizuri. Hilo ndilo linaloniua.

Ya namba yake ilibaki jozi moja. Cha kulia kilikuwa kwenye boksi. Cha kushoto kilikuwa dirishani, mahali pa kuvutia wapita njia.

Tunaouza viatu tunajua. Kiatu cha dirishani kinapigwa na jua kutwa. Gundi inakauka, soli inakuwa ngumu, na kwa macho huoni kitu. Bosi alituambia tangu siku ya kwanza kazini: hicho auziwe mtu wa kutembea mjini, na aambiwe. Mtu wa mlimani, hapana.

Hiki kilikuwa kimekaa dirishani mwaka na miezi miwili. Mzigo mpya ungefika baada ya wiki tatu, na yeye anaondoka.

"Dada, mbona hiki kimepauka?"

"Ni taa hizo. Lete hapa."

Nikaenda nacho stoo, nikakipaka rangi mpaka kikafanana na mwenzake. Nikarudi, nikamfunga kamba kwa mikono yangu hii.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye sakafu ya Mwalimu, kiatu mapajani.

"Ulijua?"

"Nilikiona pale pale alipolala. Gundi imekuwa unga. Na ubavuni kuna rangi mpya."

"Ndiyo maana ulimvua?"

"Ungekigusa tu, ungejua."

"Mbona hukusema?! Nimekuchafua! Umefukuzwa kazi!"

Akajifuta vumbi.

"Njia nzima alikuwa ananiringia. 'Dada yangu kanichagulia, wewe nani kakuchagulia hayo mabuti?' Mimi ningeanzia wapi, dada? Mama yako alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja."

"Nitaandika ukweli."

"Ili Mama ausikie? Acha. Mimi nimeshazoea."

"Nisamehe."

"Sijui. Bado sijui."

Akanifungulia mlango.

Mnapenda simulizi iishe na funzo. La maisha sina. La viatu ninalo. Ukitaka kiatu kimoja cha kukimbilia, kutembelea na kusafiria, usiangalie rangi. Kikunje mbele ya muuzaji, usikilize kama gundi inalia. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Isipobonyea, kirudishe. Uliza kama kimewahi kukaa dirishani, na umtazame muuzaji usoni anapokujibu.

Na kuhusu mtu yeyote mnayesambaza picha yake leo... mimi pia nilikuwa na uhakika.

Ile posti nimeifuta, haijasaidia. Juzi nimeikuta kwenye kundi la wazazi, picha yake ileile, watu wanamtukana upya. Nilikwenda shuleni kusema. Mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, nafasi ile ina mtu mwingine.

Kimebaki hiki ninachoandika. Mama haoni herufi za simu. Kila ninachoweka hapa, jirani humsomea.

Sasa hivi ni saa nane mchana, Mama amelala, na viatu bado sijampa. Akiamka nitamsomea mimi mwenyewe, ndipo nikiweke hapa.

Mkiiona posti hii, Mama ameshajua.