Upanga Uliochomwa Mara ya Pili

Ndugu zangu, mwaka 1974 pale Didia palikuwa na banda la wahunzi wawili, Masele na mdogo wake Mihayo. Mmoja akivukuta moto, mwenzake anagonga. Ukipita hapo asubuhi, ulisikia vicheko vyao kabla ya nyundo.

Kisha kikundi cha maigizo cha kijiji kikaagiza panga mbili kwa ajili ya Saba Saba. Mchezo ulihusu watemi wawili wa zamani, na upanga bora angeushika mtemi mshindi. Kila ndugu akafua wake kutoka kwenye springi ya lori.

Mwalimu Apolonia, kiongozi wa kikundi, akaupinda kila upanga gotini, maana ndivyo kazi ilivyopimwa bandani hapo. Wa Masele ulibaki na kombo kidogo. Wa Mihayo ulirudi ukanyooka kabisa.

"Pole, kaka Masele," Apolonia akacheka. "Leo mdogo wako kakuacha mbali!"

"Yeye ndiye aliyenifundisha," Mihayo akasema.

Neno hilo jema ndilo lililomuuma Masele zaidi. Nyumbani alikaa akiutazama ugali tu.

"Kula, Baba Mageni," mkewe Esta akamwambia. "Au nao kaufua Mihayo?"

Jumapili, Mihayo akiwa kanisani, Masele aliuchoma tena ule upanga mzuri mpaka ukawa mwekundu, akauzamisha kwenye maji baridi. Hakuurudisha kwenye moto wa polepole unaokipa chuma unyumbufu. Akausugua ukang'aa kama awali, kumbe umekuwa mkavu kama kioo. Kwa kuwa ulishapimwa, hakuna aliyeupima tena. Masele alitaka uvunjike tu mbele za watu. Jamani, ni mara ngapi tumejidanganya kwa hilo neno "tu"?

Siku ya Saba Saba alikaa mbele kabisa ili aone vizuri. Panga ziligongana mara ya tatu, wa Mihayo ukapasuka. Masele hakuwahi hata kutabasamu. Kipande kilimpiga jicho la kulia.

Alirudi kutoka hospitali na jicho moja. Bandani palikuwa kimya. Watu walikuwa wamemrudishia Mihayo majembe yao, wakisema hawataki chuma cha mtu aliyempofusha kaka yake. Mihayo alikuwa akitia nyundo zake kwenye gunia, aende Isaka kubeba mizigo stesheni.

"Nisamehe, kaka. Nimekutia ulemavu."

Hakuna aliyekuwa amemwona Masele. Angeweza kunyamaza, akabaki mhunzi pekee wa Didia. Akalikalia lile gunia.

"Usiniombe msamaha. Upanga wako niliuchoma tena mimi. Wewe ulikuwa kanisani."

Mihayo akanyoosha kidole kwenye majembe yaliyorudishwa.

"Mimi umeniambia. Na wao?"

Masele akabeba yale majembe, akaenda nayo nyumba kwa nyumba, akiungama kila mlangoni. Wengine walimtemea mate. Alipofika nyumba ya nne, mzigo ukawa mwepesi ghafla. Mihayo alikuwa nyuma yake, ameshika nusu.

Siku hizi Mihayo ndiye anayegonga. Masele anavukuta, kwa sababu jicho moja halimpimii nyundo sawasawa. Vicheko vimerudi, ila si vingi kama zamani.

FUNZO

Wivu ulimfanya Masele aharibu kazi ambayo mikono yake mwenyewe ilikuwa imeifundisha. Mwenzako akikushinda, mwulize amefanyaje. Na kama umekwisha kumdhuru, sema mapema, mbele ya wale wale waliomdharau. Jicho la Masele halikurudi. Ndugu yake alirudi.